Kitufe cha Breki

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na kwamba bandeji ya jicho imeshatolewa. Huku hatujambo. Mama mzima, ila goti linamsumbua akipanda ngazi, na anapanda ngazi kila mara ili apate la kulalamikia. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mimi bado nipo mapokezi kwenye kliniki ya meno. Nawapokea watu wanaoingia wameshika shavu, kisha nawaaga wakitoka wameshika shavu lile lile.

Baba ametoka hospitali. Kidonda cha shingoni kinapona vizuri, lakini sauti, mjomba, ndiyo imekwenda. Daktari alituambia mapema kwamba ili uvimbe wote uondoke, lazima uondoke pamoja na ile sehemu ya koo inayotoa sauti. Baba mwenyewe alikubali. Basi sasa anatikisa kichwa kwa ndiyo, anatikisa kwa hapana, na yaliyobaki tunamalizia sisi.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Shule ya udereva haijamfukuza. Bosi, yule mama mwenye shule, amesema nafasi ya Baba inamngoja hadi mwisho wa Mei. Akiweza kumfundisha mwanafunzi somo zima barabarani, Bosi mwenyewe akiwa amekaa kiti cha nyuma, atarudi kazini. Asipoweza, anayemshikia nafasi sasa ataajiriwa moja kwa moja. "Mwalimu wa udereva asiyeweza kusema breki," aliniambia, "nitamwekaje barabarani, mwanangu?" Tangu siku ile nimelizungusha swali hilo kichwani. Leo jibu ninalo!

Unajua jioni nikitoka kazini nasomea kutengeneza programu za simu. Basi nimechora skrini ya Baba. Juu kuna vitufe vikubwa, kila kimoja na sentensi yake. Chini kuna kisanduku cha kuandikia, kwa maneno yasiyo na kitufe. Baba anabonyeza, simu inasema badala yake. Nimeiona yote kichwani, mjomba, mpaka chakula kinanipoa mbele yangu. Shida ni kwamba vitufe vinapendeza lakini havifanyi kitu. Nikibonyeza, kitufe kinabadilika rangi kidogo, kisha kimya.

Mwalimu wetu ana wanafunzi wengi na subira haba. Wewe umefundisha kompyuta chuoni mpaka umestaafu. Najua daktari wa macho amekukataza skrini, ndiyo maana nimeunakili msimbo wangu, yaani amri zote ninazoipa simu, kwa kalamu nene, herufi kubwa, kwenye karatasi ya pili. Nisaidie, mjomba.

Mpwa wako mwenye haraka,
Chiriku


17 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, na anasema mtoto mwenye sauti ya kuamsha mtaa amefuata upande wa kwenu, sisi tusisingiziwe. Hapa kwetu mvua zimekaza na paa la jikoni linavuja pale pale alipoziba fundi. Chini yake tumeweka beseni. Mpaka sasa beseni limefanya kazi nzuri kuliko fundi.

Umefanya vyema kuunakili msimbo kwa mkono. Kwa simu tunasalimiana na kuulizana bei ya mchele, lakini msimbo ni kitu cha kukaa nacho mezani. Anayenakili kwa mkono hawezi kuruka mstari, na makosa mengi huishi kwenye mistari inayorukwa.

Nimeusoma. Hujakosea mahali, hujamaliza tu. Ulichochora ni picha ya kitufe, na picha haina masikio. Iangalie ile kengele ndogo iliyopo mezani kwenu kliniki. Mgonjwa akifika na wewe hupo, anaigonga. Kengele inalia vizuri kabisa. Lakini kama hakuna mtu aliyeambiwa, "Wewe, ukisikia kengele hii, toka ukamhudumie mgeni," basi itayalilia makochi na kalenda ya ukutani. Mgonjwa atagonga mpaka jino ling'oke lenyewe.

Katika msimbo, mtu huyo aliyepewa kazi ya kusikia tunamwita msikilizaji. Kwanza kipe kitufe jina la kwake peke yake kwenye mchoro wa skrini, lisilofanana na la kingine. Kisha, ndani ya msimbo, iambie simu ikitafute kitufe chenye jina hilo. Ikishakipata, kiwekee msikilizaji. Msikilizaji ana mabano yake, na ndani ya mabano hayo ndimo unapoandika la kufanya: sema sentensi hii. Usianze na vitufe vyote. Anza na kimoja, kikikubali ndipo uende kwa jirani yake.

Na nikuambie jambo ambalo nimelirudia darasani mpaka wanafunzi wakawa wananiigiza. Kilicho ndani ya mabano ya msikilizaji kinangoja kidole. Kilicho nje ya mabano hakimngoji mtu. Kinafanyika mara moja skrini inapofunguka, kisha kimekwisha. Lishike hilo, maana wengi linawaponyoka.

Sasa mimi nina swali langu. Hujaniambia shemeji anaionaje programu hii. Naam, hasemi. Lakini shemeji yangu hata akinyamaza uso wake huwa na hotuba. Niambie uso unasemaje.

Mjomba wako


6 Machi

Mjomba!

Shikamoo kwanza, nisikose adabu. IMESEMA!

Nilikuwa nimekaa jikoni, Mama anamenya viazi. Nimeweka msikilizaji kama ulivyoniambia, nimefunga mabano, nimebonyeza, na simu ikasema kwa sauti ya kiume, "Asante." Mama akaangusha kisu.

"Nani huyo?"

"Ni Baba, Mama."

"Baba yako yupo bafuni!"

Nikabonyeza tena. "Asante." Mama akaangalia simu, akaangalia mlango wa bafuni, akasema, "Miaka yote tumeoana sikuwahi kushukuriwa mara mbili kwa siku moja." Nikarukaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio.

Sasa vitufe vyote vinasikia. Nimeweka: Asante. Nina kiu. Nimechoka. Naomba dawa. Tafadhali punguza mwendo. Tafadhali kanyaga breki. Tafadhali tazama kioo. Umefanya vizuri sana. Nimevipaka rangi ya bluu ya kutuliza moyo. Darasani mwalimu aliwaonyesha wenzangu, na yule anayekaa nyuma, ambaye hakubali kitu cha mtu, alisema, "Si mbaya."

Kilichobaki ni kasoro ndogo kwenye kisanduku cha kuandikia. Chochote kinachoandikwa, simu inasema maneno yale yale. Nimejaribu kufuta na kuanza upya, haibadiliki. Msimbo wake uko karatasi ya pili na ya tatu.

Mtoto wa Kaka amepona mafua. Baba anaendelea vizuri na anawasalimu. Macho yako je?

Chiriku wako, msema kwa niaba


25 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, kama shukrani za mama yako. Nilimsomea mkaza mjomba wako barua yako akacheka mpaka akaniomba nirudie pale pa bafuni. Fundi wa paa amekuja. Amelitazama beseni, akalisifu, akaondoka.

Mwanangu, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nimefundisha watu wengi kuweka msikilizaji, na wengi waliweka ili wafaulu mtihani. Wewe umemwekea baba yako. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Tuje kwenye kisanduku. Weka kidole kwenye karatasi yako ya tatu, mstari wa tano. Pale unaiambia simu isome yaliyomo kisandukuni na kuyaweka akiba. Amri yenyewe ni sahihi. Sasa tazama iliposimama: juu ya msikilizaji, nje ya mabano yake. Maana yake simu inasoma kisanduku pale skrini inapofunguka, kabla mtu hajagusa herufi hata moja, kisha hairudi kusoma tena. Ni kama mgonjwa amekaa mbele yako, umempa karatasi ajaze anaumwa wapi, na kabla hajashika kalamu umeshaichukua na kuikimbiza kwa daktari. Nyuma yako mgonjwa anaandika na kuandika, lakini anaandika mezani.

Na ndani ya kisanduku, kwenye karatasi ya pili, umeweka maneno "Andika hapa, Baba." Hukuyaweka kama dokezo, yale maandishi hafifu yanayotoweka mtu anapoanza kuandika. Umeyaweka kama maandishi halisi. Kwa hiyo hayo ndiyo simu iliyasoma na kuyatunza. Baba yako angeandika habari za dunia nzima, angebonyeza, na simu ingemjibu, "Andika hapa, Baba."

Hapo nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kichwani nilimwona baba yako akibonyeza.

Dawa yake ni rahisi. Uchukue mstari wa kusoma, uushushe ndani ya mabano ya msikilizaji, ukae juu kidogo ya amri ya kusema. Kidole kikigusa, hapo hapo simu inasoma kilichopo wakati huo, kisha inakisema. Maneno ya "Andika hapa" yahamishie mahali pa dokezo. Uongeze na sharti: ikiwa kisanduku kitupu, au kina nafasi tupu tu, simu inyamaze.

Jambo la pili halimo kwenye msimbo. Nani alichagua sentensi za vitufe? Nina kiu, nimechoka, naomba dawa: hayo ni maneno ya mgonjwa kitandani. Na tangu nimjue shemeji, sijawahi kumsikia akisema "tafadhali kanyaga breki." Gari litakuwa limeshaingia dukani kwa mtu kabla ya "tafadhali" kuisha.

La tatu. Umeniandikia kurasa mbili za vitufe, na kuhusu baba yako mstari mmoja, tena chini kabisa. Ilikuwaje?

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mama mzima, goti limepata mpinzani, sasa ni kiuno. Kliniki tumepata kiti kipya cha kung'olea meno, kinapanda na kushuka kwa kitufe, na daktari amekipanda mwenyewe mara nyingi kuliko wagonjwa.

Nilikuficha. Barua ya Machi niliiandika siku ya pili baada ya kumpa Baba simu. Tulikuwa sebuleni wote. Akaishika, akavipita vitufe vyangu vyote vya bluu, akaenda moja kwa moja kwenye kisanduku. Akaandika kwa kidole kimoja, muda mrefu. Tukamngoja. Akabonyeza. Simu ikasema, "Andika hapa, Baba."

Kaka akacheka. Hakuwa na ubaya, ilimtoka tu. Baba akabonyeza tena. "Andika hapa, Baba." Akaiweka simu mezani, kioo chini, akatoka kwenda kuosha gari ambalo alikuwa ameliosha asubuhi. Toka siku hiyo hakuigusa. Ningekuandikiaje hayo, mjomba, nami nilikuwa nimejisifu hivyo?

Barua yako ilipofika nilisoma ule mfano wa kupokonya karatasi nikiwa pale pale mapokezi, na mama mmoja mbele yangu anajaza karatasi yake. Nikaona aibu, nikamwambia, "Chukua muda wako." Akanishangaa.

Jioni nilishusha mstari ndani ya mabano. Nikafanya na lingine: nikafuta sentensi zangu zote, nikaacha vitufe vitupu na kisanduku kitupu. Nikakaa karibu na Baba kwenye ngazi za nje, nikampa. Aliitazama weee. Akaandika. Akabonyeza.

Simu ikasema: "Hii ni sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba. Iongezee kasi."

Mjomba! Mama alikuwa mlangoni, ilibidi akae chini kwa kucheka. Mimi nilicheka huku nalia. Nikaongeza kasi papo hapo, nikamrudishia. Nikamuuliza siku ile sebuleni alikuwa ameandika nini, maana nilikuwa nimejitesa kwa mawazo. Akaandika: "Nilikuwa nauliza chai yangu iko wapi."

Toka hapo hatulali na njaa ya maneno. Vitufe amevijaza mwenyewe. Breki! Kioo! Klachi kwanza. Mikono miwili. Usinitazame mimi, tazama barabara. Hapo umeshaua. Kile cha Breki ametaka kiwe kikubwa, chekundu, chini upande wa kidole gumba, akipate bila kutazama. Cha "Safi" ameniambia nikifanye kidogo, hakitatumika mara nyingi. Rangi ya bluu ameikataa. Anasema si wodi.

Sasa shida mpya, na ni kubwa. Jumamosi Bosi alituazima gari la shule, tukaenda kujaribu kwenye uwanja mtupu nyuma ya ghala, Mama kwenye usukani. Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Gari likaanza kwenda lenyewe kuelekea uzio, Baba akabonyeza Breki. Kwa hofu akabonyeza tena na tena. Mama akakanyaga, gari likasimama, na simu ikaendelea: "Breki! Breki! Breki!"

"Nimeshakanyaga, Baba Chiriku!" Mama akapiga kelele. "Unataka nikanyage mpaka nitokee upande wa pili wa dunia?"

Tulicheka, lakini raundi iliyofuata haikuchekesha. Baba alibonyeza "Usinitazame mimi, tazama barabara," na kabla simu haijamaliza, tofali likawa mbele. Akabonyeza Breki. Simu ikamaliza kwanza sentensi yake yote, ndipo ikasema breki. Bahati gari la shule lina breki ya pili miguuni kwa mwalimu, akaikanyaga yeye. Lakini Bosi ametuonya: mwalimu akikanyaga breki yake siku ya jaribio, jaribio limekwisha. Anataka aone mwanafunzi anasimamishwa kwa neno.

Siku imewekwa, wiki ya mwisho ya Mei. Neno linachelewa. Nifanyeje?

Na macho yako, mjomba. Kila barua nauliza, kila barua unanijibu habari za beseni.

Chiriku


4 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba. Haya, nijibu. Jicho la kulia limekubali. La kushoto limestaafu kama mimi, na daktari anasema halitarudi kazini. Sikukuambia kwa sababu nilitaka nizoee kwanza mwenyewe, na kwa sababu ulikuwa na mzigo wa kutosha. Nimeshazoea. Jicho moja linatosha kabisa kusoma herufi zako, kubwa kama mabango ya barabarani. Mada ya macho tumeifunga.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Iongezee kasi! Huyo ndiye shemeji yangu. Mkaza mjomba wako alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimeanguka.

Tulia sasa nikueleze foleni, maana ugonjwa wenu ni foleni.

Simu ina kinywa kimoja. Ukiiamuru iseme jambo wakati bado inasema jingine, lazima iamue jambo jipya likae wapi. Kuna njia mbili, na ni wewe unayeichagulia, pale pale unapoandika amri ya kusema. Njia ya kwanza ni ya kistaarabu: jipya linakaa nyuma ya foleni na kungoja zamu yake. Njia hiyo ndiyo uliyoichagua, nimeiona kwenye msimbo wako, na sikulaumu, kwa sababu unafanya kazi mapokezi. Umezoea kumwambia kila anayeingia, "Karibu, kaa, utaitwa." Kwa mtu anayekuja kusafishwa meno ni sawa. Lakini akiingia anayevuja damu, humpi namba. Unafungua mlango wa daktari, na aliye kitini anatoka na povu mdomoni.

Njia ya pili ndiyo hiyo. Neno jipya likija, linakata linalosemwa, linafagia yote yaliyokuwa yakingoja, na linasemwa hapo hapo. Badilisha amri zote zitumie njia hiyo, vitufe pamoja na kisanduku. Hivyo Breki itakata kauli ya "tazama barabara" katikati. Na ile ya kubonyeza kwa hofu mara nyingi? Kila mbonyezo utafuta uliotangulia, kwa hiyo hakutabaki mwangwi gari likishasimama. Ila ukibonyeza haraka sana, neno litakatwa kabla halijaisha, na mwanafunzi atasikia "bre, bre, bre." Hivyo kwa kitufe cha Breki ongeza sharti: kikishaguswa, mguso mwingine usihesabiwe mpaka neno liishe. Vingine viendelee kama kawaida. Neno lenyewe ni fupi, haliwezi kumchelewesha mtu.

Nimekuandikia msimbo wenyewe karatasi ya pili. Mwandiko umepinda kidogo, lakini mabano nimeyahesabu na yote yamefungwa. Jaribu mezani kwanza, kisha na mama yako, kisha umwachie shemeji aichakaze. Akiivunja nyumbani tutaitengeneza nyumbani.

Siku hiyo nitakuwa nimekaa karibu na dirisha sifanyi kitu cha maana.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, na mpe mkaza mjomba shikamoo yake. Najua Mama amekupigia simu na kukupa jibu kabla yangu, hawezi kujizuia. Lakini hakuwepo garini. Mimi nilikuwepo, basi sikiliza.

Bosi alikaa nyuma ya dereva, mimi nyuma ya Baba. Mwanafunzi alikuwa muuza nyama mmoja, mwili mkubwa, mikono ya kuvunja mifupa, na alikuwa ameshauliza mara tatu breki ni ipi. Alipomwona Baba ameshika simu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu anachati?" Nikamwambia, "Mwalimu anaongea." Baba akabonyeza: "Klachi kwanza." Muuza nyama akashtuka, akakanyaga klachi, tukaondoka.

Tulipita kituo cha mafuta, tukaingia mzunguko. "Kioo!" Akatazama. "Mikono miwili." Akarudisha mkono. Bosi alikuwa anatazama miguu ya Baba. Muuza nyama akaanza kupata raha, akaongeza mwendo, akageuka kumtazama Baba ili asifiwe. Baba akabonyeza, "Usinitazame mimi, tazama..."

Lori likatoka kinyumenyume kwenye lango la wauza mbao.

"Breki!"

Mjomba, neno lilikata sentensi kama panga! Halikungoja "barabara." Lilisemwa mara moja, kali, na muuza nyama akakanyaga kwa mguu wake wote. Tukasimama, dereva wa lori akatuinulia mkono, na simu ilikuwa kimya. Kimya kabisa, hakuna mwangwi. Nilichungulia miguu ya Baba. Ule wa kulia ulikuwa juu ya breki yake ya pili, unaelea. Haukugusa.

Baba akasubiri pumzi za watu zirudi. Kisha akabonyeza, "Hapo umeshaua." Muuza nyama akasema, "Samahani, mwalimu," na Bosi akageukia dirishani akificha mdomo.

Tukaegesha pembeni. Bosi akaweka mikono kwenye magoti, akanigeukia mimi. "Mwulize baba yako," akasema, "hivi mwanafunzi akimuuliza swali gari likiwa kwenye mwendo, atamjibuje?"

Nilikuwa na jibu. Nilishafungua mdomo. Baba akainua kidole, hakunitazama, akaanza kuandika.

Mjomba, aliandika pole pole. Muuza nyama akakohoa. Bosi akatazama saa. Mimi niliyashika magoti yangu, maana maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Baba akasoma alichoandika, akafuta herufi moja, akaiandika upya. Akabonyeza.

"Masikio yangu hayakukatwa, Bosi. Niulize mimi."

Bosi akaguna kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Akasogea mbele, akamtazama Baba usoni, nadhani ni mara ya kwanza toka hospitali. "Samahani, mwalimu," akasema. "Nakuuliza wewe. Utamjibuje?"

Baba akaandika tena, na safari hii hakuna aliyetazama saa.

"Namwambia aegeshe. Anayeuliza huku anaendesha hajui kuendesha wala kuuliza."

Muuza nyama ndiye aliyeanza kucheka. Bosi akamfuata, na gari zima likatikisika. Akafuta macho, akasema, "Jumatatu saa mbili, usichelewe."

Kwa hiyo Jumatatu alikwenda. Aliondoka mapema mno, amepiga pasi shati, simu imening'inia shingoni kwa kamba. Mimi nikaenda kliniki, nikapokea mashavu yangu.

Kama saa nne hivi nikasikia honi nje, nyingi, za hasira. Nikachungulia dirishani. Gari la shule lilikuwa limezima katikati ya njia panda, na foleni imejipanga nyuma yake mpaka kona. Kwenye usukani kulikuwa na msichana ameinamisha kichwa, mabega yanatetemeka. Analia. Pembeni yake Baba anaandika. Watu wanapiga honi, mmoja ametoa kichwa nje anatukana, na Baba anaandika kwa kidole kimoja kana kwamba amekaa sebuleni. Wagonjwa wangu wakaja dirishani pamoja nami. Nilijua vitufe vyake vyote kwa moyo, nikawa najiuliza kwa nini habonyezi kimojawapo.

Akamaliza, akabonyeza, na kwa kuwa simu ilikuwa imeunganishwa na spika za gari na vioo vilikuwa wazi, tulisikia sote mpaka ghorofani kwetu:

"Waache wapige honi. Wao walizaliwa wanajua?"

Msichana akainua kichwa. Akajifuta pua kwa mkono, akawasha gari, na gari likaondoka, likirukaruka kidogo, likavuka. Chumba cha kungojea kizima kikacheka, kila mtu ameshika shavu lake, na mama mmoja akaniuliza, "Huyo mwalimu ni nani?"

Nikamwambia ni baba yangu.

Kwa furaha isiyoingia kwenye bahasha,
Chiriku